Kruasoni za Nyuma

Shemeji yangu anatengeneza oveni za bekari. Ukimkuta njiani utamjua kwa mambo mawili: begi la ngozi lililojaa spana, na nyusi zake, ambazo tangu nimfahamu hazijawahi kukamilika, maana kila zikianza kuota vizuri anaingiza kichwa kwenye oveni nyingine. Mtaani wanamwita Fundi Moto. Mimi namwita majina mengine, na ni haki yangu. Nilikuwa bado navaa sare za shule alipomuoa dada yangu, na utani wa shemeji hauna likizo.

Mjini kwetu kuna bekari tatu zinazopika kruasoni, ile mikate ya siagi inayokunjwa tabaka kwa tabaka na kupindwa kama mwezi mchanga. Kuna ya stesheni, kuna inayotazamana na hospitali, na kuna ya Bi Unga, iliyo kona ya mtaa wetu, ndogo kuliko zote. Zote tatu zinamtegemea shemeji. Feni ikigoma, koili ya kupasha moto ikikatika, mpira wa mlango ukilika na joto likaanza kuvuja, anaitwa yeye. Kwa hiyo watu wanadhani yeye ndiye hakimu. Kinyozi hawezi kumnyoa bila kumuuliza, "Fundi, kruasoni ya wapi ndiyo yenyewe?" Hata msibani, mwili bado haujatoka ndani, nimemsikia mtu akimnong'oneza swali hilohilo. Naye siku zote hujibu, "Zote zinaiva."

Ukimbana sana atakupa sababu: fundi akisifu oveni moja, wenye zile mbili watatafuta fundi mwingine. Nakubali, hilo lina akili. Ila mimi ni msusi, na msusi akifunga mdomo wateja watalala kwenye kiti. Saluni kwangu jibu lilipatikana bure, tena kwa maelezo marefu. Nilikuwa nazijua kruasoni za mji huu kuliko ninavyozijua nywele zangu mwenyewe, au ndivyo nilivyoamini.

Ujuzi wangu ulitoka kwenye mfuko wa karatasi. Kila shemeji alipomaliza kutengeneza oveni, alirudi nyumbani na mfuko huo, umelowa siagi chini. Ndani mna kruasoni, pengine na vile vikeki vya zabibu vilivyoviringwa kama konokono, au vipai vya tufaha. Dada yangu alivipanga kwenye sinia, akachemsha chai, akapiga ukuta mara mbili, maana saluni yangu imeungana na jiko lake. Nikisikia tu, mteja wangu alibaki na kichwa nusu.

Sasa, hizo kruasoni hazikuwa kama zile unazoziona dirishani. Za dirishani zina rangi ya njano, zimenona, zimepauka kama mtu aliyelala mchana. Zetu zilikuwa za kahawia iliyokolea, ubavu mmoja mweusi kidogo, ncha imekauka hadi inalia ukiivunja. Dada yangu alikuwa na maelezo yake tangu zamani, na sote tuliyapokea kama tulivyopokea alfabeti. "Zile za mbele ni za wapita njia," alikuwa akisema. "Hizi ni za nyuma. Wanawekewa watu wanaojua."

Tukazilinganisha kama watu wanaojua. Unagonga kwanza kwa ukucha, usikilize. Kisha unavunja katikati, si kwenye ncha, ncha ni ya mwisho. Tukasema ya stesheni ina moshi kidogo, inataka kahawa. Ya hospitali ina uchungu unaokuja nyuma ya ulimi, mimi nikasema labda ni ujirani na dawa. Ya Bi Unga ina sukari iliyoshika chini, ukiitafuna inajibu. Tulibishana hadi chai inapoa. Dada alisimama upande wa Bi Unga, mimi nilikuwa wa stesheni, na mtoto wao wa pekee alikuwa akihama kambi kila wiki ili atuchonganishe. Shemeji alikaa mwisho wa meza na kikombe chake, anakitazama kama kina maandishi ndani. Na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kununua kruasoni dukani. Nani anunue ya wapita njia wakati anawekewa ya nyuma?

Huyo mtoto wao, binti, tunamwita Siagi. Alipokuwa anatambaa alipotea, mama yake akakaribia kuzimia, tukamkuta nyuma ya friji na kipande kizima cha siagi, amekilamba hadi karatasi. Jina likamganda. Alipokua akaajiriwa duka la rangi, kazi yake kuchanganya. Mletee kipande cha pazia, cha kigae, cha kiatu, atakichungulia kidogo kisha atie tone la hili na la lile, na ukuta wako utafanana na kiatu chako. Jicho la mtoto huyu halikosei rangi. Kumbuka hilo, maana ndilo lililotaka kumponza.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye makopo. Baba yake aliokota oveni iliyotupwa na hoteli moja iliyofungwa, akaitengeneza upya, ikala nusu ya jiko la dada. Dada alilalamika wiki nzima kisha akaanza kuianikia vitambaa juu. Siagi akajifunza kwa kutazama video kwenye simu: kusukuma unga, kuweka siagi baridi katikati, kukunja, kupumzisha, kusukuma tena. Mwanzoni siagi ilitoroka yote ikawa tunakula biskuti za bahati mbaya. Baadaye akapata mkono. Ukivunja kruasoni yake unaona vyumba vidogo vidogo ndani kama nyumba ya nyuki. Na rangi? Alichukua moja ya za baba yake, akaiweka pembeni ya oveni, akawa anaoka na kulinganisha, anaoka na kulinganisha, hadi zikafanana kabisa, na ubavu mweusi ukiwemo.

Ndipo Bi Unga akatangaza kwamba amechoka. Magoti yamekwisha, na sukari imempanda hadi daktari amemkataza kuonja alichopika mwenyewe. Kulikuwa na mwanaume mmoja muuza simu aliyekuwa anaitaka ile kona, kila siku anakuja na futi ya kupimia. Bi Unga hakumpenda, alisema anapima hata watu. Siagi akaenda kumuomba ampangishe bekari na oveni yake. Yule mama akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Mimi sionji, mwanangu, nimekatazwa. Wataonja wateja wangu. Chukua Jumamosi moja. Ukimaliza trei zako kabla sijafunga saa sita mchana, jiko ni lako, na kodi tutaelewana. Zikibaki, Jumatatu nampa jibu yule wa simu."

Siagi alikuja kunieleza saluni. "Mama mdogo, nikiikosa hii sitapata nyingine. Nani atanipangisha oveni ya biashara? Nitachanganya rangi mpaka nizeeke."

"Utaikosa vipi?" nikamwambia. "Wewe umelelewa na za nyuma."

Ijumaa jioni tukafanya kikao. Siagi akatoa trei, nyeusi ubavuni, nzuri kama za siku zote. Dada akauma, akafumba macho. Mimi nikagonga kwa ukucha, ikalia, nikasema hii inazishinda zote tatu. Siagi akamgeukia baba yake.

"Baba, unaonaje?"

Shemeji aliichukua moja akaigeuza mkononi muda mrefu. Akafungua mdomo. "Labda..."

"Labda nini?" dada akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mke, si ya muulizaji.

"Labda tuongeze chai," akasema.

Nilikasirika, sifichi. "Shemeji, hata mwanao unamwambia zote zinaiva? Huna hata neno moja la mtoto? Una roho ya chuma cha pua!" Aliinuka akaenda kukaza bawaba ya mlango wa oveni, bawaba ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jumamosi nilifunga saluni. Dada alishika nafasi ya kufunga mikate kwenye karatasi, kajitanda kanga mpya, na alipoona trei zinapangwa dirishani akajipa moyo kwa sauti: "Kizuri chajiuza." Bi Unga alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mguu juu ya ndoo. Zile trei za kwanza zilipotoka jikoni aliinua shingo.

"Hivi ndivyo unavyozitaka?" akamuuliza Siagi.

"Ndiyo, Bi Unga."

"Haya. Siku ni yako." Akarudisha shingo mahali pake.

Wateja wakaanza kuingia. Akaingia mlinzi wa benki anayetoka zamu, akatazama dirishani, akanunua mkate wa maziwa. Wakaingia manesi wawili, wakatazama, wakanong'onezana, wakataka skonzi za jana. Akaingia mwalimu, akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani, hizi zimeungua?" Dada alimjibu jambo ambalo si vizuri mwalimu kujibiwa. Wateja wangu mwenyewe, watu niliowasuka wiki ile nikawaapisha waje, walikuja kweli. Walinisalimia, wakatazama, wakasema wamekumbuka kwamba wamefunga, au jino linawauma. Nilinunua mimi. Nikanunua tena. Kisha nikabeba trei moja nikatoka nayo barabarani kutembeza, na nilipofika kwa fundi viatu nikasikia kichwani mwangu sehemu ya pili ya ile methali ya dada, kwamba kibaya chajitembeza. Nikarudi na trei nzima.

Jikoni, Siagi alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, aproni imemfunika uso. "Oveni ina kasoro," alikuwa akisema. "Ina kasoro tu, haiwezekani. Mpigieni baba." Dada akampigia. Mimi sikuweza kusimama pale. Nikitazama mtoto analia huwa nataka kumpiga mtu, na wa kumpiga hakuwepo. Nikasema ngoja niende ile bekari ya hospitali, niwaone hao wanaotuzidi wanatuzidi kwa nini.

Nilipanga foleni pale kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Foleni ndefu, watu wanacheka, wanakanyagana. Nikanunua moja, ya njano, imepauka vilevile kama za dirishani siku zote. Nikatoka nje nikaigonga kwa ukucha. Haikulia. Nikaiuma. Nikasema moyoni, Mungu wangu, hii haijaiva! Ililainika mdomoni kabla sijaitafuna, siagi ikaja yote, utamu ukaja, uchungu nikausubiri nyuma ya ulimi na haukutokea. Nikauma tena kuutafuta. Nikatazama wale watu wengine wote wanaokula, watoto, manesi, dereva wa gari la wagonjwa, hakuna aliyekuwa anasubiri uchungu. Nikaiangalia ile kruasoni, nikaangalia mkono wangu. Kumbe hivi ndivyo zilivyo. Kumbe wapita njia wote wa mji huu walikuwa wanakula vizuri kuliko sisi tunaojua.

Nikanunua nyingine tatu nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu, mwenye mwili wangu, nikakimbia katikati ya mji na mfuko wa mikate.

Shemeji alikuwa amefika. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya oveni ya Bi Unga, tochi mdomoni, Siagi na mama yake wamemsimamia kama wanasubiri daktari. Akaitoa tochi.

"Oveni ni nzima," akasema.

"Haiwezi kuwa nzima," Siagi akasema.

"Ni nzima, mwanangu. Niliitengeneza mwenyewe mwezi uliopita."

Nikauweka mfuko wangu juu ya meza ya unga, nikaupasua. "Shemeji," nikamwambia, na sikuwa na utani, "hizi ni nini?"

Alizitazama. Akakaa chini pale pale sakafuni, mgongo kwenye mlango wa oveni.

"Hizo," akasema, "ni kruasoni."

"Na zile unazotuletea?"

Ikabidi aseme, na alipoanza alisema yote. Oveni ikitoka kutengenezwa haiuzi trei ya kwanza. Unaipandisha moto hadi mwisho uone kama mlango unashika na feni inazunguka, na upande wa koili mpya huwa unawaka kuliko mwingine. Unatia kruasoni kwa sababu ndiyo inayosema haraka: inakuonyesha moto umekaa wapi. Ukishaona, unarekebisha. Trei ile haiuzwi, ni ya kutupa, na wenye bekari wakiona huruma wanamfungia fundi. "Ya pili ndiyo inayoenda dirishani," akasema. "Mimi naondoka na ya kwanza."

Dada aliishika meza. "Kwa hiyo za nyuma..."

"Ni za kutupa, mke wangu."

"Na mimi nimekula za kutupa ndoa nzima?"

"Siku ile ya kwanza nilitaka kusema," shemeji akasema. Alikuwa ananitazama mimi, labda kwa sababu aliogopa kumtazama dada. "Ilikuwa nyumbani kwenu, shemeji, nimekuja na mfuko kwa aibu tu, sina kitu kingine mkononi. Marehemu baba yenu alikuwa pale. Alikuwa anasema kazi yangu ni kunusa moshi wa watu. Dada yako akauma moja, akafumba macho, akamwambia baba yake, 'Unaona wanavyomheshimu? Wamemwekea za nyuma.' Mzee akanisogezea kiti. Tangu nianze kuja kwenu nilikuwa nasimama. Sasa ningesemaje?"

Nilikumbuka ule mwisho wa meza na kile kikombe, na nilimpenda yule mtu kwa namna ambayo sijawahi kumwambia na sitamwambia, atavimba kichwa. Halafu hasira ikanirudia, maana mtoto alikuwa bado amesimama pale na macho mekundu. "Mficha uchi hazai, shemeji! Jana ungesema!"

"Jana nilishindwa," akasema. "Mlikuwa mnafurahi."

Siagi alichukua moja ya zile za hospitali, akaivunja, akaitafuna taratibu, akakunja uso. Mtu akila kitu kizuri kuliko chake huwa anakunja uso hivyo. Kisha akaenda kwenye jokofu akafungua. Trei zilizobaki zilikuwa humo, zimeshaumuka, mbichi, zimekaa kwa mistari.

"Nina hizi tu," akasema. "Lakini macho yangu yamefundishwa ile rangi nyingine, baba. Sitajua saa ya kuzitoa. Nitajua vipi?"

"Nitakwambia," baba yake akasema.

"Wewe hujawahi kuila ya pili."

"Sijawahi kuila. Lakini nimeiona ikitoka maisha yangu yote. Nasimama mlangoni na begi langu, naiona."

Akanyanyuka, akapangusa tochi kwa mkono wa shati, akasimama kwenye kioo cha oveni. Siagi akasukuma trei ndani. Mtu ambaye mji mzima umeshindwa kumtoa neno akaanza kusema, na alisema kama bomba lililofunguliwa. Akasema sasa zinanyanyuka, usiguse. Akasema sasa siagi inachemka ndani, sikiliza. Akasema ubavu ule unakimbia, punguza kidogo, hapo, acha. Siagi alishika kishikio cha mlango kwa kitambaa, uso umekaribia kioo hadi unang'aa.

"Sasa," shemeji akasema.

"Baba, bado! Hii ni rangi ya ukuta wa sebule!"

"Sasa, mwanangu."

"Hazijaiva!"

"Siagi. Sasa."

Nilimwona anapigana na macho yake mwenyewe. Mkono ulitaka na macho yalikataa. Kisha akayafumba, kabisa, akavuta mlango, akatoa trei bila kuitazama, akaiweka juu ya meza mbele yetu. Zilikuwa za njano ya dhahabu pande zote, zimevimba, zinapumua mvuke. Hata mimi, ambaye ulimi wangu ulikuwa umeshahama dini asubuhi ileile, nilitaka kusema zirudishwe.

Dada alizibeba mbele akiwa amenuna. Sijui harufu ilipita wapi, mlangoni au chini ya dirisha, lakini mwalimu yule aliyejibiwa vibaya alirudi, na hakuuliza swali. Wakarudi manesi. Mimi nilisimama kizingitini nikaita kwa sauti ya msusi, na wateja wangu wenye meno mabovu wakapona papo hapo. Mlinzi wa benki alinunua, akaondoka, akageuka katikati ya barabara akarudi. Jikoni nilisikia "Sasa!" na mlango wa oveni, na baada ya muda "Sasa!" tena, na mara ya mwisho nilisikia sauti mbili zikisema pamoja, ya baba na ya mtoto. Zile nyeusi za asubuhi dada alizilipia, akazikusanya kwenye sinia akaziweka chini ya kaunta, akamkaripia mtu aliyetaka kuzitupa. "Hizo ni zangu," akasema. "Nimezizoea. Mume wangu ndiye aliyeniletea."

Saa sita ilipokaribia, kwenye dirisha kulikuwa na karatasi na makombo. Siagi alitoka jikoni na trei ya mwisho ikiwa tupu, unga kwenye nyusi, anatafuta mahali pa kuiweka. Shemeji alikuwa nyuma yake na begi lake la spana, kwa mazoea tu, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Bi Unga alishusha mguu kutoka kwenye ndoo. Aliinuka taratibu, goti moja kisha la pili, tukadhani anaenda kufunga mlango. Badala yake alitoka hadi nje, akazunguka, akaingia tena kama mtu anayetoka barabarani. Akaja akasimama mbele ya kaunta ile aliyosimama nyuma yake miaka yote, akaweka pochi yake juu, akaangalia dirisha tupu.

"Mwenye duka," akasema, "kuna kilichobaki?"

Siagi aligeuka kutazama nyuma yake, aone anayeitwa ni nani. Nyuma yake hakukuwa na mtu mwingine ila baba yake.

"Ni wewe, mama," shemeji akamwambia. "Mjibu mteja."